Sanifu, lugha ya mtaa au fumbo: bango la mgombea liseme kwa ipi?

Tusi la kijana kijiweni na kaulimbiu ya mgombea ukutani ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili hutaka ufupi na mdundo, hupenda jina la utani, na huishi kwa kuwa aliyelisikia ana hamu ya kumpasia mwenzake. Ndiyo maana uchaguzi ukikaribia, timu za kampeni hushuka kwenye vijiwe vya bodaboda na stendi za matatu kuchota maneno, na mara nyingine huchota na tope lake.

Anayeandika maneno ya mwakilishi wa wadi au mbunge wa Kenya kwa ajili ya Agosti 2027, au ya diwani wa Tanzania kwa uchaguzi unaofuata, ana njia tatu kuu mbele yake: Kiswahili sanifu, lugha ya mtaa (Sheng kule Nairobi, lugha ya vijiwe Dar es Salaam), na fumbo la aina ya maandishi ya leso, yaani kanga. Lugha za makabila ni njia ya nne, ila tutaipitia kwa haraka kwa sababu inafaa mahali pachache na inaunguza haraka.

Kwanza, hesabu ya herufi

Kabla ya kubishana kuhusu mtindo, chukua rula. Herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka kwa raha kutoka mita 3 hivi. Ukitaka isomwe mita 15, ng'ambo ya barabara, kimo kiwe kama sentimita 12. Herufi kubwa nene huchukua upana wa takriban asilimia 60 ya kimo chake. Sasa chukua karatasi ya A2, upana sentimita 42, toa kingo zibaki 40. Hapo neno refu kuliko yote kwenye kaulimbiu ndilo linaloamua kila kitu, kwa kuwa Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja na neno halikatwi katikati.

"HAPA KAZI TU" ya CCM mwaka 2015: neno refu lina herufi 4. Kila herufi inapata sentimita 10 za upana, kimo kama 16, na inasomeka mita 20. "TANO TENA" ya Jubilee mwaka 2017 ni vivyo hivyo. Neno "MAENDELEO" lina herufi 9. Kimo kinashuka hadi sentimita 7 na kidogo, mita 9 tu. "HATUPANGWINGWI", yaani hatupangiwi na mtu, ina herufi 14; kwenye A2 hiyo hiyo haifiki sentimita 5, na aliye mita 6 tayari anakaza macho. Matatu inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde, kwa hiyo hata bango linalosomeka mita 20 lina sekunde mbili hazijatimia. Maneno marefu yaachie spika za gari la matangazo na fulana, siyo karatasi ya ukutani.

Ndiyo hoja ya kwanza dhidi ya wanaodhani lugha ya mtaa ni fupi siku zote. Ni fupi ikisemwa. Ikiandikwa, haina budi kupimwa.

Sanifu: salama, na baridi

Kwa Tanzania uamuzi umekwisha kufanywa kwa kiasi kikubwa. Maadili ya uchaguzi ambayo vyama husaini kabla ya kampeni huelekeza Kiswahili kitumike, na panapolazimu lugha nyingine awepo mkalimani. Hukataza pia matusi na kashfa. Lakini si kanuni pekee. Mpiga kura wa Tanzania amezoea kaulimbiu iliyonyooka, ya kuitikiwa na umati. "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya" ya CCM mwaka 2005 ina vipande vitatu, kila kimoja silabi nne, na neno "mpya" linapiga kama ngoma mwishoni mwa kila kipande. Mwaka 2015 UKAWA, muungano wa upinzani uliomsimamisha Edward Lowassa kugombea urais, haukuhitaji hata sentensi: anayeongoza akisema "Lowassa", umati unajibu "Mabadiliko", kisha wanageuza. Kaulimbiu isiyoweza kukatwa nusu ya mwitaji na nusu ya mwitikiaji itabaki karatasini.

Kenya, mifupa ya bango bado ni ya Kiingereza: chagua fulani, cheo, jina la wadi, vyote kwa Kiingereza, kisha Kiswahili kinapewa mstari wa moyo. "Kazi Iendelee" ilikuwa ya upande wa Kibaki mwaka 2007, na mwaka 2021 Watanzania wakaisikia tena chini ya Rais Samia bila mtu kuhisi imevuka mpaka. Hiyo ndiyo faida kubwa ya sanifu: haina umri wala kitongoji. Ukichapisha "Kusema na Kutenda" Voi, Kakamega au Eastleigh, inaeleweka sawa.

Ubaya wake ni kwamba kijana wa Kayole au Manzese huisikia kama tangazo la ofisi ya chifu. Maneno kama "maendeleo", "uadilifu" na "mshikamano" yametumika na kila upande hadi yamechujuka. Yakikaa ukutani jicho linateleza juu yake. Tiba ni kutafuta neno sanifu linalofanya kazi ya mkono. "Kazi" imeshinda mara nyingi kuliko "maendeleo" kwa sababu unaweza kuiona mtu akiifanya. "Maji" ni bora kuliko "huduma". Bei ya unga ni bora kuliko "uchumi".

Sanifu nayo ina mitego. Ukichukua silabi ya kwanza ya Ari, Nguvu na Kasi unapata A-NGU-KA, na watani hawakuchelewa kuliona hilo. Kabla ya kupitisha kaulimbiu yenye maneno matatu, soma herufi za kwanza na silabi za kwanza kwa mpangilio. Soma pia mstari kwa mstari, kila mstari peke yake. Vitenzi vya kawaida kama kupa, kutia, kula, kukaza na hata kusimama vina maana ya pili kwa vijana, ya chumbani. "Mpe kura" haina neno. Lakini fundi akiweka MPE juu kwa herufi kubwa na "kura" chini kwa ndogo, kufikia jioni kijiwe kizima kitakuwa kimeshapata kichekesho na mgombea wa kike ndiye atakayeumia zaidi. Kitenzi na shamirisho yake vikae mstari mmoja.

Lugha ya mtaa: moto wa mabua

Hakuna anayeweza kukana nguvu yake. Mwaka 2002 "Unbwogable", mzizi wa Kijaluo wa kutishika uliovishwa kichwa na mkia wa Kiingereza, ulitoka kwenye wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji na kuwa sauti ya muungano wa NARC. Mwaka 2022 "hasla" (mhangaikaji), mama mboga na wilbaro za kampeni ya William Ruto vilifanya kazi ambayo ilani ya kurasa mia haiwezi. Mwaka 2025 vijana wa Kenya walifupisha "awamu moja" kwa Kiingereza cha mdomoni kuwa "wantam", na wafuasi wa serikali wakajibu "tutam". Tanzania, ACT Wazalendo walithubutu mwaka 2020 na "Kazi na Bata", bata ya kula bata, yaani starehe baada ya jasho. Silabi tano, inaitikika, na ilikuwa imepita moja kwa moja ubavuni mwa "Hapa Kazi Tu". Kwa ufundi wa lugha, ni miongoni mwa kaulimbiu bora za miaka hiyo.

Sasa gharama zake.

Neno la mtaa lina tarehe ya kuharibika. Sheng hubadilika ili kuwaacha nje wazazi, walimu na polisi. Mwanasiasa akilishika neno, ameshalitangaza kuwa limeingia ofisini, na wenye nalo wanaanza kulikimbia. Kwa hiyo muda wa kuchapisha ni sehemu ya uandishi. Bango la sanifu unaweza kulitundika miezi sita kabla. La mtaa lisitoke mapema kuliko wiki sita, na lichapishwe kwa mafungu, robo kwanza, ili likichacha usibaki na maboksi ya karatasi stoo.

Neno la mtaa lina kitongoji pia. "Mpigaji" kwa Dar es Salaam ni mla fedha za umma. Anayetaka kumsifu mgombea aandike "mchapakazi", wala asijaribu "mpiga kazi" akidhani ni mbadala. Nairobi neno hilo halina doa hilo. "Bata" ya starehe inaeleweka Dar bila kufikiri, Nairobi itahitaji kijana anayesikiliza Bongo Fleva, na kwa mama wa Machakos ni ndege au kiatu. Kiambishi "ka-" Nairobi kinaweza kuwa cha mapenzi au mazoea. Tanzania kikiwekwa kwa mtu kinamdunisha. "Noma" ni sifa na ni balaa, inategemea sauti, na bango halina sauti.

Jina la utani ni mali safi kuliko kaulimbiu, kwa kuwa halichachi upesi. Sugu alichaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010 na 2015 akijulikana kwa jina hilo kuliko la Joseph Mbilinyi. Sonko, neno la Sheng la tajiri, lilimbeba Mike Mbuvi hadi ugavana wa Nairobi mwaka 2017. Lakini angalia kitu kimoja ambacho timu husahau: mpiga kura ataingia chumbani na kukuta karatasi ya kura, siyo bango lako. Jina lililoandikwa pale, kwa mpangilio ule ule, ndilo liwe kubwa kwenye bango. La utani liwe la pili. Wengine hulifanya la utani kuwa kubwa mara tatu, kisha wazee wanatoka kituoni wakisema mtu wao hakuwemo.

Ngazi ya matusi, na pale hatari ilipo hasa

Timu nyingi huogopa tusi la nguoni, lile la kutaja sehemu za siri za mtu au za mama yake. Ni hofu ya bure. Hakuna mchapishaji wala mgombea atakayelipitisha, na likiandikwa na wahuni juu ya bango lako, aibu inawaangukia wao. Tusi la wazi hujilinda lenyewe kwa kuwa kila mtu analiona.

Ngazi ya pili ni dharau ya akili: mjinga, mpumbavu, fala, lofa. Hii hutoka zaidi kwenye mdomo wa jukwaani kuliko ukutani, na humrudia msemaji. Agosti 2015 Benjamin Mkapa aliwaita wapinzani wa CCM wapumbavu na malofa kwenye uzinduzi wa kampeni Jangwani, na maneno hayo mawili yakazungumzwa kuliko mengine yote aliyosema siku ile. Kijana akimwita mwenzake fala kijiweni wanacheka wote wawili, kwa sababu wako sawa. Mkubwa akimwita mdogo vile vile, aliyetukanwa ni rika zima. Neno halikubadilika, kimebadilika kimo cha aliyelisema. Bango siku zote husema kutoka juu, hivyo halina ruhusa ya utani wa kijiweni hata kama mgombea ana miaka 26.

Ngazi ya tatu ndiyo inayoua, na haina hata neno moja chafu. Ni wadudu, magugu na madoa. Mende, kwekwe, madoadoa: maneno ya jikoni na shambani. Kenya, "madoadoa" yaliwahi kumaanisha jirani wa kabila jingine anayetakiwa aondoke, na watu waliondolewa kweli mwaka 1992 na 2007. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa, na mlikuwamo haya matatu, pamoja na "kihii" ya Kikikuyu (mvulana asiyetahiriwa), "kama noma noma", "watajua hawajui" na "hatupangwingwi" yenyewe. Kuwekwa kwa hilo la mwisho kulipingwa mahakamani, na kwa haki. Kusema hupangiwi na mtu si sawa na kumwita mtu mende. Lakini anayechapa karatasi elfu kumi hana nafasi ya kusubiri kesi. Sheria ya Uwiano ya mwaka 2008, kifungu cha 13, ina faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kwa hiyo orodha ya kukagua bango isianze na matusi. Ianze na maneno ya usafi na kilimo. "Tusafishe wadi yetu" ikiwa unazungumzia takataka, weka picha ya takataka. Bila picha, kwenye wadi yenye wapangaji na wenyeji wa makabila mawili, umeandika kitu kingine. "Tung'oe magugu" usiandike kabisa. "Wenyeji kwanza" ina sura ya sanifu na maana ya mapanga, hasa Pwani na Bonde la Ufa. Tanzania mzigo wa kabila ni mwepesi zaidi kwenye maneno haya, ila "kupe" na "chawa" vina historia yake, cha kwanza tangu enzi za ujamaa na cha pili kwa wapambe wa siku hizi wanaosifia kwa malipo. Vinavumilika kwenye kibonzo. Kwenye bango la mgombea vinamshusha yeye.

Kumwita mpinzani mwizi kwa jina lake ni suala jingine, la kashfa na wakili. Usiandike.

Fumbo: pale panapojua kusoma leso

Kuanzia Lamu hadi Mtwara, na Zanzibar zaidi, kuna njia ya tatu ambayo timu za bara huisahau. Leso au kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, ule mstari mmoja wa herufi kubwa. Kina mama wamesutana kwa mistari hiyo kwa zaidi ya karne bila kutaja mtu. Kwa kampeni, fumbo linampa mgombea nafasi ya kumchoma mpinzani huku akibaki na uso wa heshima, jambo ambalo sanifu tupu haliwezi na mtaa hauwezi kabisa. Tena kanga haichanwi ukutani usiku. Inavaliwa sokoni miaka mitano.

Masharti ni mawili. Fumbo lisomeke kwa maana ya juu hata kwa asiyejua ya ndani, na picha yake ikubali hesabu. "Mafiga matatu" ya CCM ni mfano mzuri: mawe matatu ya jiko, kura tatu za rais, mbunge na diwani, ukitoa moja chungu kinaanguka. Hakuna cha kufafanua. Kenya yenye kura sita haiwezi kuazima mafiga, na ndiyo maana huko walikwenda kwenye suti ya vipande sita, picha inayochekesha kidogo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona. Kosa la kawaida ni kuchukua methali nzima. Methali tayari ina jibu kichwani mwa msomaji, na mpinzani anaweza kukurudishia ya pili inayoipinga, ziko tele.

Lugha ya kabila iwe ya mstari mmoja wa salamu au kibwagizo, kama "Vindu vichenjanga" ya Waluhya mwaka 2017, yenye maana ya kwamba mambo hubadilika. Ikibeba ujumbe wote, jirani asiyeielewa atadhani anasemwa yeye.

Namna ya kuchagua

Angalia kwanza daftari la wapiga kura: wadi yenye vijana wengi wa kupanga, karibu na barabara kuu, ipe mtaa kwenye fulana, stika za bodaboda na gari la matangazo, lakini ukutani iache sanifu fupi. Wadi ya mashambani yenye vijiji vilivyotawanyika, sanifu kote. Mji wa mwambao, sanifu ukutani na fumbo kwenye leso. Mgombea wa jimbo zima linalochanganya hayo matatu asijaribu kuandika mstari mmoja wa kuwafurahisha wote. Achukue kaulimbiu moja ya sanifu yenye silabi tano hadi saba, kisha kila kitongoji kiitikie kwa lugha yake.

Jaribio la mwisho halina gharama kubwa. Chapisha nakala tano za A3, zibandike vituo vitano kwa siku tatu, mahali ambapo kalamu za vijana hufika: kituo cha bodaboda, nje ya kibanda cha mpira, ukuta wa chuo. Siku ya nne zirudie uzisome. Pembe na masharubu kwenye picha si kitu. Tazama kama kuna neno moja lililofutwa na kuwekwa jingine linalokaa vizuri kwenye mdundo ule ule. Likiwa kwenye karatasi moja, ni utani wa mtu. Likiwa kwenye mbili zilizoko vituo tofauti, kaulimbiu imeshageuzwa, na bora irudi mezani kabla fundi hajawasha mashine.